Paka katika nyumba isiyoruhusu wanyama

Hotuba kwa wapangaji wanaozungumza Kiswahili, City Heights, San Diego

Wazee wetu, mama zangu, kaka na dada, na nyinyi vijana mliosimama kule nyuma: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, hamjambo wote. Nawashukuru walionialika, nawashukuru akina mama walioko jikoni tangu asubuhi.

Mimi ni mtoto wa Lamu. Kazi yangu hapa ni ukalimani. Nakaa kiti cha tatu, baina ya daktari na mgonjwa, baina ya meneja wa jengo na mpangaji, nageuza maneno. Mkalimani hana ruhusa ya kutoa siri za watu, kwa hiyo hiki nitakachosimulia nimeruhusiwa na mwenyewe. Aliniambia, "Waambie, lakini jina langu liache." Jina nimeliacha.

Mama huyu ni wa Fizi, Kivu Kusini. Alivuka Ziwa Tanganyika na watoto wawili, akaishi kambi ya Nyarugusu, Kigoma, mpaka watoto wakawa wakubwa wa kubeba maji wenyewe, ndipo akaletwa Marekani. Wengi wenu njia hiyo mnaijua kwa miguu yenu. Hapa San Diego alipata fleti ya vyumba viwili, ghorofa ya pili, si mbali na University Avenue. Mkataba wa kupanga ulikuwa kitabu kizima cha Kiingereza, na ndani yake mlikuwa na sharti kwamba mnyama wa aina yoyote haruhusiwi. Akatia sahihi, kama sote tunavyotia.

Paka alikuja mwenyewe. Alikuwa jike, wa kijivu, mkia umepinda nchani kama uliwahi kubanwa na mlango. Watoto wakamwita Kadogo. Akakaa.

Jioni moja mama anarudi kazini, akakuta karatasi imebandikwa mlangoni. Binti yake wa miaka 14 ndiye aliyeisoma. Siku tatu: mnyama aondoke, la sivyo muondoke nyinyi. Mama akafanya ambalo wengi humu tungefanya. Hakuuliza mtu, hakubishana na mtu. Usiku uleule alimtia paka ndani ya boksi la ndizi, akampeleka kwa shemeji yake, El Cajon. Siku kumi na moja zilizofuata hakulala.

Nilizijua habari hizi kliniki, siku yake ya kuonana na daktari wa akili. Daktari akamuuliza kuna nini kilichobadilika, mbona amerudi nyuma hivi. Mama akakaa kimya muda mrefu, anakunja ncha ya kitenge na kuikunjua. Kisha akasema, "Nilikuwa na paka."

Akaeleza. Usiku anaota, anaamka hajui yuko wapi. Mlango anaouona mbele yake ni mlango wa nyumba ya Fizi. Anasikia viatu vya watu wanaokuja. Mwili unakufa ganzi, hata mkono hauinuki. Kadogo akimsikia anavyohema, humpanda kifuani, akaanza kukanyagakanyaga kwa miguu ya mbele kama mtu anayekanda unga, na kucha zinamchoma kidogo kupitia shuka. Ule mchomo ndio humwambia kwamba hapa ni California, huyu ni paka, watoto wamelala chumba cha pili.

Daktari akataja kwa Kiingereza jina ambalo sheria na watu wa tiba huwaita wanyama kama Kadogo: emotional support animal. Ikawa zamu yangu kuligeuza. Nikasema, "Mnyama wa kumtuliza mtu." Mama akatikisa kichwa. "Hapana kunituliza," akasema. "Ananirudishaka."

Ananirudishaka. Wakongo mmenielewa mara moja. Kwa sisi wa pwani: kila mara, paka huyu ndiye humrudisha. Nimefanya ukalimani miaka mingi na sijapata kusikia mtu akilieleza jambo hili vizuri kuliko hivyo, si kwa Kiswahili, si kwa Kiingereza.

Sasa sikilizeni kilichoniuma. Daktari alikuwa anamtibu mwaka mzima, na hakuwahi kusikia habari za paka. Meneja alikuwa anapokea kodi yake mwaka mzima, na hakuwahi kusikia habari za kliniki. Paka na ugonjwa walikuwa wanaishi nyumba moja, na kila mmoja alifichwa kwa mtu wake. Laiti habari hizo mbili zingekutana kwenye karatasi moja, mama yule asingebeba boksi la ndizi usiku.

Kwa nini hazikukutana? Tusimlaumu mama, tujitazame wenyewe. Tumetoka mahali ambapo mtu akisema "siko sawa kichwani" amejimaliza. Binti yake hataposwa. Vikoba hawatamwekea pesa mkononi. Kwetu pwani tutasema ana mashetani, kapagawa. Wenzetu wa bara watasema karogwa. Kanisani ataombewa mkesha, msikitini atasomewa. Sina neno na dua, nami naomba dua kila siku. Lakini yule mama alikuwa anaombewa na bado alikuwa haambii mtu kwamba halali. Na paka naye ana yake: majirani zetu wenyewe walishaanza kunong'ona kwamba mwanamke yule anazungumza na paka usiku, na mnajua mnong'ono wa namna hiyo unaishia neno gani.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mama mjamzito hana budi kumfunulia mkunga.

Waislamu wenzangu, niseme na nyinyi kidogo. Mimi nimelelewa Lamu, mji wa paka. Asubuhi majahazi yakishusha samaki, paka ndio wa kwanza gatini, na hakuna anayewapiga teke. Tumesoma kisa cha Abu Qatada, sahaba wa Mtume, alipotiliwa maji ya udhu na mkwewe Kabsha. Akaja paka, naye akamwinamishia chombo anywe. Kabsha akashangaa. Abu Qatada akamwambia kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alisema paka si najisi, ni katika wale wanaozungukazunguka miongoni mwenu. Kuhusu mbwa, sisi tunaofuata madhehebu ya Shafi tunaijua hukumu ya mate yake na kuosha mara saba, mara moja kwa udongo. Basi anayehitaji mnyama na hataki mbwa ndani ya nyumba anayoswalia, sheria ya nchi hii haikumlazimisha mbwa. Kuna mpangaji mmoja California, kesi yake ilikuwa mahakama ya shirikisho mwaka 2000, aliyekuwa na ndege wawili na paka wawili kwa sababu ya ugonjwa wake wa akili. Mwenye nyumba alitaka kesi itupwe kwa hoja kwamba wale si wanyama waliofundishwa kazi. Jaji alikataa kuitupa.

Tuingie basi kwenye hiyo sheria, maana watu wanadhani ni huruma ya meneja. Si huruma.

Martin Luther King aliuawa Memphis tarehe 4 Aprili 1968. Siku saba baadaye, tarehe 11 Aprili, Rais Lyndon Johnson alitia sahihi Sheria ya Haki katika Makazi. Ilianza kwa kukataza kumnyima mtu nyumba kwa rangi yake, dini yake au asili ya nchi alikotoka. Mwaka 1974 ikaongezwa jinsia. Mwaka 1988 yakaongezwa makundi mawili ambayo humu ukumbini yamejaa: familia zenye watoto, na watu wenye ulemavu. Na juu ya watu wenye ulemavu sheria ikasema jambo zito. Ilisema kwamba mwenye nyumba kukataa kulegeza masharti yake kwa kiasi kinachofaa, pale ambapo mtu mwenye ulemavu analihitaji hilo ili aishi nyumbani kwake sawa na wengine, huko kukataa kwenyewe ni ubaguzi. "Hakuna wanyama" ni sharti. Linaweza kulegezwa. Ulegezewe wewe bila kufutwa kwa jengo zima.

Neno linalotukwamisha ni ulemavu. Nilipomwambia mama yule kwamba barua ya kumwomba meneja alegeze sharti itabidi itaje ulemavu, alisimama akanionyesha miguu yake. "Mimi si mlemavu. Natembea. Nafanya kazi." Ni kweli, anafanya kazi ya usafi hotelini, anatandika vitanda mpaka mgongo unawaka. Lakini sheria haiangalii miguu peke yake. Inauliza: je, kuna hali ya mwili au ya akili inayozuia jambo kubwa la maisha, kama kulala, kupumua, kufikiri, kujihudumia? Sheria ya shirikisho inataka kizuizi hicho kiwe kikubwa. Sheria ya jimbo letu la California imekwenda mbali zaidi, inatosha kiwe kinazuia. Sonona imo. Kiwewe cha vita kimo. Woga ule unaomfanya mtu asiweze kupanda basi, umo. Neno mlemavu katika karatasi ile ni neno la kisheria tu, kama vile "mpangaji" lilivyo neno la kisheria. Halibandikwi usoni, wala halisomwi msikitini au kanisani.

Na mahakama zimeshapita njia hii zamani. Mwaka 1995 mahakama ya rufaa ya shirikisho, ile ya kule Chicago, ilisikiliza habari za wanawake wawili viziwi wa Madison, Wisconsin, waliokataliwa kukaa na mbwa aliyekuwa akiwajulisha mlango ukigongwa. Walikuwa wameshindwa chini. Mahakama ya rufaa ikarudisha kesi ianze upya. Lakini kesi ninayoipenda mimi ni ya Auburn, hapahapa California, juu ya Sacramento. Mume na mke, wote wawili wana sonona kali. Walipata kijibwa, wakamwita Pooky, wakaanza kuchangamka. Chama cha wenye nyumba kikasema mbwa hatakiwi. Wakamtoa, kama mama yetu alivyomtoa Kadogo, na hali yao ikarudi ilikokuwa. Wakashitaki. Tume ya jimbo ikawapa haki, mahakama ya kwanza ikawanyang'anya, na mwaka 2004 mahakama ya rufaa ikawarudishia. Kile chama kilikuwa kimeshikilia kwamba mbwa mwenyewe hajafundishwa kitu. Majaji wakajibu kwamba kilichowasaidia watu hawa ni tabia ya mbwa aliyozaliwa nayo, ule urafiki wake na binadamu. Nani aliyemfundisha Kadogo kukanyaga kifua cha mtu anayehema? Hakuna. Na hahitajiki kuwa amefundishwa.

Naona mkono kule. Unauliza kuhusu pesa, nimefika.

Meneja wa mama yule, baada ya kupokea barua, hakukataa. Alisema sawa, ila alete dola 400 za dipoziti ya mnyama, na kila mwezi aongeze dola 50 juu ya kodi. Mama alikuwa tayari kulipa. Alikuwa ameshaanza kuhesabu nani atamkopesha. Hapana! Mnyama wa namna hii kisheria si mnyama wa kufugwa kwa raha. Ni kama kiti cha magurudumu. Hakuna anayelipisha kodi ya kiti cha magurudumu. Dipoziti yake haitozwi, kodi yake haitozwi, na yale masharti ya uzito na ya aina ya mbwa hayamhusu. Ila akirarua zulia, zulia utalipa, kama ungelirarua wewe mwenyewe. Hilo ni haki na tusilikwepe.

Halafu meneja akauliza, "Anaumwa ugonjwa gani?" Hilo pia hana ruhusa nalo. Kama hali yako haionekani kwa macho, anaweza kudai barua ya mtaalamu anayekujua, inayosema kwamba una ulemavu na kwamba mnyama huyu anakusaidia na ulemavu huo. Basi. Jina la ugonjwa, dawa unazomeza, yaliyokukuta Fizi au Bujumbura au Mogadishu, hayo si yake. Mama zangu, nalisema hili kwa uzito kwa sababu nimeona mama akianza kumsimulia meneja kijana wa miaka 25 mambo ambayo mumewe mwenyewe hakuwahi kuambiwa, kwa kudhani asiposimulia atafukuzwa. Usisimulie. Na kwa haki ya Mungu, usimtume mtoto wako akasimulie. Binti wa miaka 14 asiwe yeye wa kutafuta Kiingereza cha vilio vya mama yake mbele ya mtu wa ofisini. Mwambie meneja unataka mkalimani mtu mzima. Nipigie mimi, au mwombe mtu wa kanisani.

Barua yenyewe si ndefu. Ile ya mama yule ilikuwa na mistari mitano, na kwa Kiswahili ilisema hivi: "Mimi ni mpangaji wa fleti namba fulani. Nina ulemavu kwa mujibu wa sheria. Naomba sharti la kutofuga wanyama lilegezwe ili niishi na paka wangu, ambaye ananisaidia na hali yangu. Nimeambatisha barua ya daktari wangu. Naomba jibu kwa maandishi." Tarehe, sahihi, ukapiga picha kwa simu kabla ya kuikabidhi. Sheria inakubali hata ukisema kwa mdomo tu, hata ndugu yako akikusemea, lakini mdomo hauna nakala. Na unaweza kuomba wakati wowote: kabla ya kuhamia, baada ya kuhamia, hata karatasi ya siku tatu ikiwa tayari imebandikwa mlangoni. Bora mapema. Aliyemficha paka mwaka mzima halafu akamtaja siku aliyokamatwa, haki yake bado ipo, ila ataonekana anatunga.

Sasa nizungumze na wale walionunua cheti kwenye intaneti. Najua mpo, na sitaki mtu aaibike hapa. Unalipa dola mia na kitu, unajibu maswali matano, unaletewa kadi yenye picha ya mbwa wako na kifulana chekundu. Ndugu zangu, hakuna daftari la serikali ambamo wanyama hawa huandikishwa. Halipo Washington, halipo Sacramento. Umenunua kadi. Na wanaoumia kwa kadi hizo ni watu kama mama wa Kadogo, kwa sababu meneja akishaona kadi kumi za namna hiyo anaacha kuiamini hata barua ya daktari wa kweli. California ilichoka na mchezo huo: tangu tarehe 1 Januari 2022, anayekuandikia barua ya mbwa wa namna hii lazima awe na leseni inayotambuliwa hapa, awe amekupima kweli, na awe amekuhudumia angalau siku 30 kabla ya kuandika. Sheria hiyo imetaja mbwa. Lakini hata kwa paka nawashauri mfuate mwendo huohuo. Kama una tatizo la usingizi na hujawahi kwenda kliniki, anza na kliniki, kwa ajili ya usingizi wenyewe. Barua itafuata.

Na msichanganye mnyama huyu na mbwa wa kazi, yule wa kipofu, yule aliyefundishwa. Huyo anaingia dukani na hotelini. Kadogo haingii. Ukimvalisha mbwa wako fulana ukamwita mbwa wa kazi na si kweli, California hilo ni kosa la jinai, kifungo hadi miezi sita au faini hadi dola 1,000. Safari za ndege ni hivyohivyo. Labda mnakumbuka Januari 2018 mtu alifika uwanja wa ndege wa Newark na tausi, akitaka apande naye kama mnyama wa kumfariji, akakataliwa. Tangu Januari 2021 mashirika ya ndege hayalazimiki tena kuwapokea wanyama wa faraja. Wanaweza kuwahesabu kama wanyama wengine wa kufugwa na kukutoza. Haki ninayoizungumzia leo inakaa nyumbani unapoishi. Na vijana mnaokwenda chuo, bweni nalo ni nyumbani: chuo kikuu kimoja cha Nebraska, kule Kearney, kilidai bweni si makazi kwa maana ya sheria hii, na mwaka 2013 mahakama ikasema ni makazi.

Kukataliwa kwa haki kupo. Mbwa aliyekwisha kumuuma mtu, mwenye nyumba anaweza kumkataa, mradi azungumzie mbwa huyo na matendo yake, asiseme tu "aina hii ni wakali". Mnyama asiye wa kawaida wa nyumbani, kama mbuzi au kima, utakuwa na kazi kubwa ya kueleza. Na ukiwa wewe ndiye jirani, mtoto ana pumu au unaogopa mbwa, nawe sema na meneja kwa maandishi; sharti hulegezwa kwa mmoja bila kumdhuru mwingine, na mara nyingi hilo linamalizwa kwa kubadilishana ngazi ya kupandia au saa za kumtoa mbwa nje.

Kuna jambo limenikaa rohoni na nitalisema, hata kama litawakera baadhi ya marafiki zangu walioko meza ya mbele. Baadhi yetu sasa ni wenye nyumba. Mungu amewabariki, mmenunua nyumba za milango miwili au mitatu, mnakaa mmoja mnapangisha mingine kwa ndugu zetu. Mnadhani sheria hii ni ya makampuni. Kweli, sheria ya shirikisho inaliachia jengo la familia zisizozidi nne ambalo mwenyewe anaishi ndani yake. Lakini California haikuacha mwanya mpana hivyo: inamwachia tu yule aliyempangisha mtu mmoja chumba ndani ya nyumba yake mwenyewe. Kwa hiyo siku Mrundi mwenzako au Mbajuni mwenzako atakapokuletea barua ya daktari, usimwambie "sisi hatuna mambo hayo ya Kizungu". Na tafadhali usiisome barua hiyo kisha ukaipeleka kwenye kundi la simu la jumuiya. Nimeona likitendeka. Aliyetendewa alihama mji.

Kuna wanaoogopa kuomba kwa sababu karatasi zao za uhamiaji hazijakamilika. Sheria ya makazi haikuuliza karatasi hizo. Na California, tangu mwaka 2018, imemkataza mwenye nyumba kumtishia mpangaji kwamba atamripoti uhamiaji. Ukikataliwa bila sababu, una mwaka mmoja wa kulalamika kwa Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji, au kwa Idara ya Haki za Raia ya jimbo. Kulalamika ni bure, na kumwadhibu mtu kwa sababu amelalamika ni kosa jingine. Mtasikia miongozo ya Wizara imebadilika, huu umetolewa, ule umeondolewa. Tawala zikibadilika miongozo nayo hubadilika. Msitishike. Sheria ya 1968 na nyongeza yake ya 1988 zilipitishwa na Bunge, na California ina sheria na kanuni zake. Simamieni hapo.

Turudi kwa mama. Jibu lilikuja siku ya tisa baada ya barua ya pili, ile iliyoeleza kwamba dipoziti haitozwi. Lilikuwa mstari mmoja na nusu: ombi limekubaliwa, bila malipo. Nilimsomea kwa Kiswahili. Akasema, "Soma tena." Nikasoma tena. Akaichukua, akaikunja mara nne, akaitia ndani ya Biblia. Kisha akaingia chumbani, akatoka na lile boksi la ndizi, amekwisha kulitandika kipande cha kitenge. Alikuwa ameliweka tayari siku zote hizo. Tukaenda El Cajon kwa gari langu. Paka alilia njia nzima kurudi, na mama anamwambia kwa Kibembe maneno ambayo mimi siyajui, wala sikuuliza.

Nitakaa meza ile ya pembeni, karibu na birika la chai. Nina karatasi, nina kalamu, na nina mfano wa barua kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Anayetaka kuandika yake leo aje tuandike kabla ya Magharibi. Anayeona haya kuonekana mezani, namba yangu ipo nyuma ya kadi mlizopewa mlangoni. Nipigie usiku, nitapokea.